Kadi Mkononi, Giza Machoni



Wengi wenu mkisikia neno Ufipa mnakumbuka ule mtaa wa Kinondoni zilipokuwa ofisi zetu kwa miaka mingi. Leo naomba tuhame mtaani tuje Ufipa yenyewe, huku juu kwenye uwanda wa mahindi, maharage na ulezi, ambako mwezi wa sita baridi inakufanya utembee na blanketi mabegani kama mzee. Huku tuna jambo ambalo halina kelele na halijawahi kupata mkutano wa hadhara. Watu wetu wana kadi za bima ya afya, wanakatwa pesa kila mwezi, na bado wanapofuka kwa ugonjwa unaotibika.

Nitaanza na nyumbani kwetu ili msiseme natoa hotuba tu.

Mama yangu ni mkulima wa Kalambo. Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo NHIF anakatwa kabla mshahara haujamfikia, na mama amemwandikisha kama mtegemezi wake. Kadi ipo, picha ipo, jina limeandikwa sawasawa. Miaka kama mitatu iliyopita mama akaanza kulalamika kwamba anaona ukungu. Sisi tukadhani ni uzee. Tulishtuka siku aliporudi kutoka kuuza maharage akiwa na noti ya elfu moja aliyopewa kama elfu tano. Hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, siku hizi hela naijua kwa kuipapasa."

Tukampeleka hospitali moja. Jina naliacha, maana tatizo ni kubwa kuliko hospitali hiyo, na waliotupokea walikuwa watu wema. Wakamwangalia, wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, anahitaji upasuaji. Tukatoa kadi. Yule mama wa dirishani akaigeuza, akatuangalia kwa huruma, akasema: "Kijana wangu, kwa macho kadi hatupokei kwa sasa. Madai yetu ya miezi ya nyuma yamerudi. Kama mna pesa taslimu, sawa."

Madai yamerudi. Hilo neno nililibeba hadi nyumbani. Yamerudi kutoka wapi? Kwa nini? Na sisi tunaingiaje hapo? Nikaanza kuuliza watu wanaofanya kazi hizo. Nilichojifunza ndicho nataka kila kijana wa chama hiki akijue, kwa sababu humo ndimo haki ya mama yako inapopotelea.

Bima inalipa karatasi. Mgonjwa akifika, kadi inahakikiwa kwenye mfumo. Halafu inajazwa fomu ya madai, ile watumishi wanayoiita 2A na B, iwe ya karatasi au ya kwenye kompyuta. Humo daktari anaandika ugonjwa kwa msimbo, yaani herufi na namba, kutoka orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-10. Mtoto wa jicho wa uzeeni ni H25. Mtoto wa jicho aliyeletwa na jeraha, labda jembe au kijiti cha shambani, ni H26.1. Presha ya macho ni H40. Macho mekundu ya kawaida ni H10. Wanaohitaji miwani wako H52. Trakoma, ile ya vikope, ni A71. Chini yake kinaandikwa kila kipimo, kila dawa na kila huduma, navyo vina namba zake na bei zake. Mgonjwa anaweka saini. Hospitali inakusanya fomu za mwezi mzima na kupeleka madai. Maofisa wa Mfuko wanahakiki. Kisichoeleweka kinakatwa au kinarudishwa.

Sasa angalieni mtego ulipo. Muuguzi mmoja amebaki peke yake kliniki ya macho, foleni imefika nje, anaandika H10 kwa kila anayekuja na macho yanayouma kwa sababu ndiyo namba aliyoizoea. Kwenye fomu hiyohiyo linaandikwa pendekezo la upasuaji wa mtoto wa jicho na vipimo vyake. Anayehakiki akiiona anasema ugonjwa na huduma haviendani, anakata. Na kwa karatasi alizonazo mezani, yuko sahihi! Saini ya mgonjwa ikikosekana, kata. Dawa ikitolewa na kituo ambacho ngazi yake hairuhusiwi kuitoa, kata. Huduma ya bingwa ikiandikwa na asiye bingwa, kata. Fomu ikichelewa, kata.

Mgonjwa alitibiwa kweli. Dawa ilitoka kweli. Pesa haiji. Mwezi wa kwanza hospitali inavumilia, wa pili inakopa dawa, wa tatu inafanya hesabu na kuona kwamba kliniki ya macho inaila hospitali. Uamuzi unaofuata hauandikwi kwenye gazeti lolote. Unaambiwa tu dirishani: kwa macho kadi hatupokei.

Nimewahi kumsikia mtu wa chama tawala akijibu hoja hii kwa maneno mepesi: "Basi wajaze fomu vizuri." Sawa mheshimiwa, ajaze nani? Kazi ya kuandika misimbo kwa usahihi ni taaluma. Nchi nyingine kuna watu wameajiriwa kwa kazi hiyo tu, wanasoma faili la daktari na kuligeuza kuwa namba. Huku kwetu mzigo huo amebebeshwa tabibu huyohuyo anayesafisha vidonda, anayezalisha usiku na anayeandika taarifa za mkoa. Madaktari bingwa wa macho nchini ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Mfumo umepangwa kana kwamba kila hospitali ni Muhimbili, halafu unaadhibu Laela na Namanyere kwa kutokuwa Muhimbili.

Tusidanganyane, udanganyifu upo. Kuna watu wanaazimana kadi. Kuna vituo vimewahi kudai huduma ambazo hazikutolewa. Anayefanya hivyo anaiba mshahara wa dada yangu na akamatwe. Lakini kuna tofauti kati ya mwizi na muuguzi aliyechoka, na mfumo wa sasa kwenye karatasi unawaona sawa. Mwizi mwerevu fomu zake huwa safi kabisa, misimbo imekaa pazuri, saini zote zipo. Anayekatwa ni yule mkweli wa pembezoni aliyekosea herufi moja.

Tena suala la nani ameutia Mfuko hasara lisiishie kwa muuguzi. NHIF ilianzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na ikaanza kazi 2001. Mtumishi anachangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3. Pesa hiyo inaingia kila mwezi bila kukosa. Halafu ripoti ya CAG ya mwaka wa fedha 2021/22 ikaja kuonyesha kwamba Mfuko una nakisi ya zaidi ya shilingi bilioni 200. Ripoti hizohizo za CAG zimesema tena na tena kuhusu fedha za Mfuko zilizokopeshwa kwa miradi na taasisi za Serikali na kuchelewa kurudi. Sasa niambieni, fomu ya mama yangu inakatwa kwa kukosa herufi, mkopo wa wakubwa unakatwa na nani? Kwa nini ukali wote uko kwenye H25 ya mkulima na upole wote uko kwa mdaiwa mwenye gari la namba ya Serikali?

Mnakumbuka Machi 2024? NHIF ilitangaza kitita kipya cha mafao kianze tarehe 1 Machi, bei zikabadilika, hospitali binafsi kupitia umoja wao wa APHFTA zikasema hazikubali, na kadi zikaanza kukataliwa Dar es Salaam. Nchi nzima ikatetemeka. Waziri wa Afya wakati huo, Ummy Mwalimu, akawa kwenye vyombo vya habari, vikao vikaitishwa, ndani ya siku chache huduma zikarudi. Vizuri. Lakini lile lililowapata watu wa Masaki na Mikocheni kwa siku chache na likaitwa dharura ya taifa, huku Rukwa ni hali ya kila mwaka na inaitwa changamoto. Neno "changamoto" ndilo blanketi la Serikali hii. Likifunikwa juu ya kitu, hakuna anayewajibika.

Na mimi hapo nimezungumzia mwenye NHIF, ambaye kijijini kwetu anahesabika kama mtu mwenye bahati. Wakulima wengi walichofahamu ni CHF iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Ilipokuja mwaka 2018 tuliambiwa utatibiwa kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Sikilizeni vizuri: mpaka ya mkoa. Huduma yako ikikosekana Sumbawanga ukaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya kanda Mbeya, kilomita zaidi ya 300 kwa basi kupitia Tunduma, kadi yako imefika mwisho wa safari kabla yako. Mtu wa Kirando anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika, au wa Mtowisa kule chini bondeni Ziwa Rukwa, anatumia nauli kufika Sumbawanga, halafu anaambiwa nenda Mbeya kwa pesa yako. Anarudi nyumbani. Anakaa kwenye mkeka nje ya nyumba. Mjukuu anaacha shule ili awe fimbo ya babu. Hapo umepoteza watu wawili kwa jicho moja.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Hatupingi bima kwa wote, tusije tukalishwa maneno. Sisi ndio tuliosema kwa miaka kwamba afya isiwe bidhaa. Swali letu ni moja tu: ukimpa kila Mtanzania kadi, na kadi hiyo ipite kwenye tundu lilelile la fomu ambalo leo linashindwa kupitisha wachache, utapata nini? Utapata foleni ndefu zaidi ya watu wanaoambiwa madai yamerudi.

Kuna wanaosema macho si kipaumbele, kuna malaria na akina mama wanaojifungua. Ndugu zangu, mfukoni mwa maskini jicho ni mtaji. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Waliopewa miwani ya kuonea karibu, uchumaji wao ulipanda kwa zaidi ya asilimia 20 ukilinganisha na wasiopewa. Mwaka 2024 utafiti mwingine, wa Bangladesh, ukaonyesha kipato cha waliopewa miwani ya kusomea kikipanda kwa takribani theluthi moja. Miwani tu! Sasa fikirieni mama anayechambua maharage Soko la Mandela, fundi cherehani wa Majengo, mwalimu anayesahihisha madaftari sabini. Orodha ya mafao ya NHIF inataja matibabu ya macho, inataja na miwani. Kwenye orodha ipo. Ukiifuata dukani utaulizwa fomu, ukirudi na fomu utaulizwa msimbo, ukirudi na msimbo utaambiwa duka limejitoa kwa sababu halijalipwa.

Na msiniambie nchi maskini haiwezi. Rwanda ni jirani yetu. Kuanzia mwaka 2012 walifundisha wauguzi wa vituo vya afya, zaidi ya 2,000, wapime macho, watoe dawa za mwanzo na miwani rahisi hukohuko vijijini, na huduma hiyo wakaiingiza kwenye bima yao ya jamii. Hawakusubiri kila kituo kipate bingwa. Walimpa muuguzi elimu na ruhusa, halafu bima ikakubali kulipa alichofanya. Huku kwetu tunapelekewa kambi za siku chache za madaktari bingwa zilizopewa jina la Mama Samia. Wanaotibiwa wanashukuru na mimi nawashukuru madaktari hao. Lakini mwenye presha ya macho anahitaji dawa ya matone kila siku ya maisha yake. Kambi ikifungwa Ijumaa, Jumatatu atapata dawa kwa nani?

Kuna madhara mengine ya misimbo hii ambayo sikuyajua kabla. Namba zilezile zinazoleta pesa ndizo zinazoleta takwimu. Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipolipuka Dar es Salaam, Wizara ilitoa taarifa na tahadhari kwa sababu wagonjwa walihesabiwa. Sasa kama huku Ufipa mtoto wa jicho anaandikwa macho mekundu, presha ya macho inaandikwa maumivu ya kichwa, na wengine hawaandikwi kabisa kwa sababu waliishia dirishani, Dodoma wakifungua kompyuta wanaona Rukwa haina vipofu. Bajeti inafuata namba. Wataalamu wanafuata namba. Sisi tunaachwa, kwa sababu kwenye karatasi hatuumwi.

Wazee wa hapa hutuambia jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi, ukifika huku acha ulozi wako nje. Basi nasi tuwaambie wenye mamlaka: mkija Sumbawanga, tupeni uchawi wenu wa takwimu. Tunataka mambo manne.

Kwanza, NHIF itangaze kila robo mwaka, mkoa kwa mkoa, madai yaliyopokelewa, yaliyolipwa, yaliyokatwa na sababu za kukatwa. Pesa ni zetu. Kama Rukwa inakatwa kuliko mikoa mingine tujue, na kama si kweli watuumbue kwa namba.

Pili, kila hospitali ya wilaya iajiri mtu aliyesomea kazi ya misimbo na madai. Vijana wenye stashahada za kumbukumbu za afya wako mtaani wanaendesha bodaboda. Mshahara wa kijana mmoja unaweza kurudi kwa fomu zitakazoacha kukatwa.

Tatu, kosa la karatasi litenganishwe na wizi. Fomu yenye kosa irudishwe haraka kwa marekebisho, kituo kipewe muda wa kurekebisha, na Mfuko nao uadhibiwe ukichelewesha malipo kupita zile siku 60 unazozitaja wenyewe. Mkulima akichelewa mchango kadi inafungwa. Mfuko ukichelewa, nani anaufunga?

Nne, upasuaji wa mtoto wa jicho, dawa za presha ya macho na miwani viwe kwenye kifurushi cha chini kabisa cha bima kwa wote, na kadi ivuke mpaka wa mkoa pamoja na mgonjwa.

Sasa tugeukie upande wetu, maana kulaumu peke yake ni rahisi. Sisi vijana wa chama tunajua kuhesabu kura, tunajua fomu za matokeo, tunajua wakala asisaini kitu asichokisoma. Nkasi Kaskazini, jimbo pekee ambalo chama chetu kilitangazwa kushinda mwaka 2020, liko mkoa huuhuu. Lakini mama zetu wanasaini fomu za bima bila kusoma, na sisi tumesimama pembeni tunachati. Fomu ya madai ni kama fomu ya matokeo. Ukimpeleka mzazi hospitali, soma kabla hajasaini. Uliza kwa heshima: daktari, hapa umeandika ugonjwa gani? Hizi dawa zote tumepewa? Huduma ambayo haikutolewa isisainiwe. Piga picha fomu uitunze. Mkiambiwa kadi haipokelewi, ombeni sababu kwa maandishi na mpeleke ofisi ya NHIF ya mkoa. Halafu leteni kwenye tawi. Matawi ya Kalambo, Nkasi, Sumbawanga Vijijini na Mjini tukikusanya sababu hizo kwa miezi sita tutakuwa na ushahidi wetu wa kuuliza nao maswali, na hakuna atakayetuambia tunaongea hisia. Muhimu: majina ya wagonjwa yafutwe. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, siyo bango letu.

Mtauliza mama yangu aliishia wapi. Tuliuza mahindi kabla bei haijakaa vizuri, dada akakopa, tukampandisha basi la Mbeya. Upasuaji wenyewe haukuchukua hata nusu saa. Kesho yake walipomfungua bandeji, alimwangalia dada muda mrefu halafu akamwambia, "Umekonda, mwalimu." Tulicheka wote, na wengine machozi yalitoka.

Hilo ni jicho moja. La pili linasubiri mavuno, wakati dada bado anakatwa asilimia yake kila mwezi kwa kadi ambayo mama ameihifadhi ndani ya khanga, safi kabisa, haijamlipia hata tone la dawa ya macho.

Makamanda, fomu ni yetu, pesa ni yetu, macho ni yetu. Tuanze kusoma.

Nguvu ya umma!